Udongo wa Kujengea: Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye Harambee



Kawaida kamati ya fedha hupewa dakika kumi, ikasoma mapato na matumizi, ikapigiwa makofi ikakaa. Hesabu za mwaka huu zimo kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki na mtazisoma. Leo tunaomba tuzungumzie mchanga, kwa sababu kabla hatujawaomba shilingi moja kwa ajili ya madarasa mawili mapya, tunadaiwa maelezo ya lile darasa la kwanza.

Mliokwenda kuliona mmejionea wenyewe. Ukuta wa upande wa bahari unatoa chumvi nyeupe, lipu inabanduka, na ukikwangua kiungo cha tofali kwa ufunguo wa nyumba, udongo unamwagika kama pumba. Fundi hakutuibia. Tuliletewa bei mbili za mchanga, wa mto na wa ufukweni, na sisi tuliozoea kutafuta tarakimu ndogo tukaweka saini kwenye ile ndogo. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu mwaka mzima. Ukuta hauchoki kulowana na kukauka, lipu ndiyo inayochoka. Penye nondo ni hatari zaidi, maana chuma kinaoza ndani bila mtu kukiona.

Kosa la pili lilikuwa kipimo. Kila mmoja alichanganya kwa koleo, na koleo la asubuhi si koleo la saa nane mchana. Tulipouliza baadaye, tuliambiwa mchanga ulifika sehemu tisa kwa saruji moja. Hapa turuhusuni tufanye kazi yetu ya uhasibu. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita kama 35. Kwa kipimo cha moja kwa tano unahitaji mchanga lita 175, yaani ndoo tisa za lita ishirini, pungufu kidogo. Darasa la mita tisa kwa saba, ukiondoa milango na madirisha, linakula tofali za inchi sita kama 760. Kwa kuzijenga tu, bila lipu wala msingi, moja kwa tano ni mifuko kama tisa. Moja kwa tisa ni mifuko kama mitano. Tulilegeza ukuta mzima wa watoto wetu kwa mifuko minne ya saruji. Safari zetu za kwenda kukagua zilitugharimu zaidi ya hapo.

Wengine mtasema: basi tujaze saruji. Hapana. Udongo mkali kupita kiasi hunywea na kupasuka, na tofali zetu nyingi za mtaani ni dhaifu kuuliko, hivyo ufa unapita katikati ya tofali. Moja kwa tano inatosha kwa ukuta wa darasa. Na saruji yenyewe msomeni namba kwenye mfuko: 32.5 inafaa kabisa kujengea na kupiga lipu. Ile 42.5 tuiwekee zege la nguzo na linta.

Wazee wetu walijua haya kwa njia yao. Misikiti na makaburi ya Kaole, ambayo ni ya karne nyingi, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Chokaa inakauka taratibu kwa kuvuta hewa, ni laini kuliko saruji, na inaacha unyevu utoke. Ndiyo maana mwenye nyumba ya kale pale Mji Mkongwe akiziba ufa kwa saruji, unyevu unanaswa ndani na jiwe linaanza kumeguka pembeni ya kiraka. Kwa nyumba hizo tafadhali rudini kwenye chokaa. Hatusemi tujenge shule kwa chokaa. Tanuu zake zilikula mikoko, na sisi tunaihitaji mikoko yetu palepale ilipo.

Sasa, mwaka huu. Mtaona kwenye makisio kwamba fungu la mchanga limepanda. Ni mchanga wa mto, na hautashushwa kwenye lori kabla haujaonjwa. Ndiyo, kuonjwa kwa ulimi. Mzee mmoja wa kamati ya ujenzi amejitolea, na tumecheka naye vya kutosha. Kisha utatiwa kwenye chupa nyeupe pamoja na maji, utikiswe, uachwe utulie mpaka siku ya pili. Tope likitanda juu yake zaidi ya sehemu moja ya kumi, lori linarudi lilikotoka. Kupima ni kwa ndoo, si koleo. Udongo uliokorogwa utumike ndani ya saa mbili. Uliokauka usirudishiwe maji, hata kama saidia fundi ananung'unika. Tofali zilowanishwe kidogo kabla ya kujengwa, na ukuta umwagiliwe siku saba. Fungu la maji lipo pia, tusiliulize tena kwenye mkutano.

Darasa la kwanza halitavunjwa. Viungo vya upande wa bahari vitakwanguliwa na kujazwa upya, lipu ibanduliwe yote. Gharama hiyo haimo kwenye michango ya leo. Wanakamati watano tulioweka saini tumeanza kuilipa mfukoni mwetu, na stakabadhi zake ziko mezani kwa katibu, karibu na mlango, kwa yeyote anayetaka kuziona kabla hajaandika ahadi yake.