Taji la Urembo na Ada ya Chuo

Mpenzi msikilizaji, wiki iliyopita nilipigiwa simu na mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko mwaka wa kwanza wa stashahada katika chuo kimoja hapa mjini. "Shangazi, shikamoo." Nikaitikia marahaba. Kisha akanyamaza. Mwanafunzi akikusalimu halafu akanyamaza, huna haja ya kupiga ramli: ni ada.

Safari hii ada ilikuja kwa mlango mwingine. Chuoni kwao wameandaa mashindano ya urembo. Mshindi wa kwanza ameahidiwa ada ya mwaka mzima, na wa pili nusu yake. Binti alikuwa na maombi mawili. La kwanza, nimruhusu ashiriki, halafu nimtafutie maneno ya kumwambia baba yake. La pili, nimkopeshe fedha za kununulia nywele za bandia, zile ndefu zinazolala mgongoni, kwa sababu za kwake ni fupi kama alivyotoka nazo sekondari.

Kwetu ni Mtendeli, katika nyanda za juu za Kigoma. Zamani tulikuwa wilaya ya Kibondo, siku hizi tuko Kakonko. Wengi wenu mlilisikia jina hilo katika taarifa za habari kwa sababu ya kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, ambayo ilifungwa mwaka 2021 na waliokuwamo wakahamishiwa Nduta. Lakini wenyeji tulikuwapo kabla ya kambi na bado tupo, tunalima muhogo na maharage na kutundika mizinga ya nyuki. Kwetu binti akitajwa kuwa mzuri, wazee huuliza kwanza ni wa nani na anafanya kazi gani. Nywele hawaziulizi.

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia nitampigia jioni. Ukweli ni kwamba jukwaa hilo ninalijua, maana niliwahi kulipanda.

Nilikuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, na muhula wa pili ulinikuta sina hata nusu ya ada. Tangazo likabandikwa ubaoni: mashindano ya urembo, zawadi ni ada. Nikajiandikisha. Tulifanya mazoezi wiki tatu, tukijifunza kutembea kwa viatu virefu, mimi niliyezoea kupandisha vilima peku. Mwalimu wetu wa mazoezi, bila nia mbaya nadhani, akaniambia rangi yangu itamezwa na taa za ukumbi. Mwenzangu wa bwenini akanipa mkorogo. Siku ya mashindano nilipanda jukwaani na uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine, na kichwani nywele ambazo hazikuwa zangu.

Nilipata nafasi ya pili. Walinikabidhi hundi kubwa ya karatasi ngumu, tukapigwa picha. Kesho yake nikaenda kuulizia hundi yenyewe, ile inayopokelewa benki. Nikaambiwa mdhamini bado hajaleta fedha. Nikaenda tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Mpaka leo hajaleta. Ada yangu ililipwa na kaka yangu wa Mtendeli, aliyeuza madumu ya asali na muhogo wote wa msimu ule, na watoto wake wakakaa mwaka bila nguo mpya. Huyo aliyenipigia simu ni binti wa kaka huyo. Sasa mnaelewa kwa nini niliomba muda.

Ndugu msikilizaji, tukizungumza habari za urembo hapa nchini, watu hugawanyika haraka makundi mawili, na kila kundi hudai kumlinda msichana. Tuangalie historia yetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, dhidi ya sketi fupi, mawigi, dawa za kubadili rangi ya ngozi na suruali za kubana. Mashindano ya urembo nayo yalipigwa marufuku mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini. Kulikuwa na hoja nzuri ndani yake: kwa nini Mwafrika aliyejitawala ajipime kwa kioo cha mtu mwingine? Lakini hoja hiyo ilipofika Kariakoo, vijana wa kiume waliwavamia wasichana barabarani kwa sababu ya urefu wa sketi. Aliyetetewa ndiye aliyepigwa.

Mwaka 1994 mashindano ya Miss Tanzania yalirudi, na Aina Maeda akavikwa taji. Tangu hapo tumeona mengi. Hoyce Temu, mshindi wa mwaka 1999, baadaye aliingia katika utumishi wa kidiplomasia. Nancy Sumari, mshindi wa mwaka 2005, alitajwa mrembo wa Afrika katika mashindano ya dunia mwaka huohuo, kisha akaandika kitabu cha watoto. Anayesema jukwaa halijamfaa msichana yeyote hasemi kweli. Lakini kwa miaka mingi zawadi iliyovuma zaidi ilikuwa gari. Ada haikuvuma.

Kuna nchi ambako mashindano haya huitwa moja kwa moja mashindano ya ufadhili wa masomo. Nayo ni Marekani. Miss America yalianza mwaka 1921, na mwaka 1945 Bess Myerson akawa wa kwanza kupewa taji pamoja na fedha za masomo, dola 5,000. Sasa sikiliza: kwa miaka kadhaa kanuni zake ziliandika waziwazi kwamba mshiriki awe wa kabila la watu weupe. Mweusi wa kwanza kushiriki fainali alikuwa Cheryl Browne wa Iowa, mwaka 1970. Mweusi wa kwanza kushinda alikuwa Vanessa Williams, Septemba 1983, naye akapokea vitisho vya kuuawa kwa sababu ya rangi yake. Yaani ufadhili wa masomo ulikuwapo, lakini binti mweusi alitakiwa kwanza kujibu shitaka la ngozi yake.

Hata hesabu yenyewe ilikuja kutiliwa shaka. Waandaaji walijitangaza kuwa wanatoa nafasi za masomo zenye thamani ya dola milioni 45 kwa mwaka. Mwaka 2014 mtangazaji John Oliver alizichambua hesabu hizo katika televisheni na kuonyesha kwamba fedha zilizotolewa hasa zilikuwa pungufu sana. Nafasi moja ya chuo ilihesabiwa mara nyingi, kwa kila mshiriki aliyeweza kuiomba, hata kama angeitumia mmoja tu au asiitumie yeyote. Nilipopata habari hiyo niliikumbuka ile hundi yangu ya karatasi ngumu.

Msinielewe vibaya. Simlaumu binti anayepanda jukwaani. Mwenye kiu hachagui kisima. Ninachouliza ni kwa nini kisima cha ada kiwe pale. Mikopo ya elimu ya juu ilianza kuwafikia wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani zilizochaguliwa. Aliye nje ya fani hizo anabaki na asali ya baba yake. Kijana wa kiume katika hali hiyo huambiwa akatafute kibarua. Wa kike huambiwa ajipime kimo.

Na habari ya nywele? Mwaka 2007 Flaviana Matata alikwenda Mexico City kuiwakilisha Tanzania katika Miss Universe akiwa amenyoa kichwa, kama wanafunzi wetu wa shule za msingi, na akaingia kumi bora. Mwaka 2019 Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini alitwaa taji hilohilo kwa nywele zake fupi za asili. Hao hawakukopa fedha za nywele.

Basi jioni nilimpigia. Nilimwambia hivi: "Mama, kushiriki ni uamuzi wako, na kwa baba yako nitasema mimi. Ila uwaombe waandaaji karatasi yenye sahihi, inayosema ada italipwa na nani, lini, na kwa akaunti ipi. Fedha za nywele sitoi. Mkorogo nikiusikia tutagombana, na hivyo vyenye zebaki serikali imekwisha kuvipiga marufuku." Akacheka. Akauliza, "Na wakikataa kuandika?" Nikamwambia wakikataa atakuwa amepata jibu mapema kuliko nilivyolipata mimi.

Juzi nilikwenda benki nikalipa awamu ya kwanza ya ada yake, nikampelekea risiti. Sikufanya hivyo kumzuia. Nilitaka, kama atapanda, apande kwa kupenda, asiwe anatembea mbele ya majaji huku akihesabu siku za kufukuzwa darasani. Asali ya kaka yangu bado sijailipa yote.

Mashindano ni Jumamosi. Bado anasubiri ile karatasi. Kwa herini, hadi wiki ijayo.