Studio ya Chumbani Haihitaji Ubao wa Mashindano

Msikilizaji, leo maoni yangu yanamwendea kijana mwenye maiki moja, hedifoni moja na chumba kimoja, anayetafuta kompyuta ya kurekodia muziki nyumbani. Ukifika dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, muuzaji atakuwekea mezani ubao mama unaowaka taa za kila rangi, halafu atakuapia kwamba huo ndio wenye nguvu. Mrudishie. Wewe unatafuta ubao mtulivu, na utulivu haupimwi kwa gigahezi.

Sababu ni hii. Sauti inapoingia kwenye kompyuta hupimwa, kwa kawaida, mara 48,000 kila sekunde. Vipimo hivyo hukusanywa kwenye hifadhi ndogo ya muda iitwayo bafa, kisha prosesa huvishughulikia kwa mkupuo mmoja. Bafa ya vipimo 128 hujaa ndani ya milisekunde 2.7 hivi. Kazi iwe imekwisha kabla ya hapo, maana mkupuo mwingine umeshafika mlangoni. Unaweza kuongeza bafa hadi vipimo 1,024 ili mashine ipumue, lakini hapo ni milisekunde 21 za kuingia na nyingine kama hizo za kutoka. Mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta ataisikia sauti yake ikimfuata nyuma, na mapigo yatampotea.

Chukulia kijana mwenye misuli anayejaza pipa ambalo bomba lake halifungwi. Nguvu anazo, lakini kila akishika ndoo, jirani anamwita pembeni wazungumze. Pipa litakauka, misuli ipo. Kwenye kompyuta, majirani hao ni draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa: ya Wi-Fi, ya kadi ya mtandao, ya kadi ya picha, pamoja na mipangilio ya kubana umeme. Draiva moja iliyoandikwa ovyo ikiishikilia prosesa milisekunde 3 tu, utasikia mkwaruzo katikati ya ubeti, na ubeti huo unaurudia. Prosesa yenye bei ya pikipiki haikuokoi hapo.

Ndiyo maana chipseti inastahili kuulizwa kabla ya kasi. Chipseti ndiyo inayounganisha prosesa na sehemu kubwa ya matundu ya USB, diski na mtandao, na kadi yako ya sauti ya nje, ile unayochomekea maiki, mara nyingi hupita humo humo. Mwanzoni mwa mwaka 2021, wenye mbao za AMD za familia ya 500, zikiwemo B550 na X570, walilalamika kwamba vifaa vya USB vinakatika ghafla, kadi za sauti zikiwa miongoni mwao. Mwezi Februari AMD ilikiri tatizo, na dawa ikaja miezi michache baadaye kupitia toleo jipya la BIOS, ile programu ya msingi ya ubao. Mbao zile zilikuwa za kisasa na zenye kasi. Kilichokosekana ni kukomaa. Kwa hiyo chipseti iliyotoka juzi waachie wengine waihangaikie kwanza. Na ukinunua ubao wowote, anza kwa kuweka BIOS mpya.

Baada ya marekebisho yale, B550 ni chaguo zuri kwa studio, tena ina fadhila nyingine: haina feni juu ya chipseti. Mbao nyingi za X570 zilizotoka mwaka 2019 zilikuja na kifeni kidogo hapo, na kifeni kidogo ndicho hulia kwa sauti nyembamba. Chumba chako kimoja ndicho chenye kompyuta, na ndicho chenye maiki. Kwa upande wa Intel, ubao wenye herufi Z unakutoza hela ya ruhusa ya kuisukuma prosesa kupita kasi yake. Kurekodi hakuhitaji hilo. Herufi B inatosha.

Usibabaishwe pia na kasi ya USB. Njia moja ya sauti ya biti 24 kwa vipimo 48,000 hutumia kama megabiti 1.15 kwa sekunde, ilhali USB 2.0 ya zamani ina 480. Angalia kitabu cha ubao kikuonyeshe matundu yapi yanatoka kwenye chipseti au prosesa yenyewe, na yapi yanaendeshwa na chipu ya ziada. Chomeka kadi ya sauti kwenye hayo ya kwanza, nyuma ya kasha, bila kigawanyio. Zile sifa za sauti ya kistudio zilizoandikwa kwenye boksi la ubao hazikuhusu, kwa sababu ukiwa na kadi ya nje hutarekodi kupitia tundu la ubao.

Na mwenye mfuko mwembamba asione haya kununua mtumba wa ofisini. Mashine kama OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP, nyingi zenye chipseti za Intel za herufi Q, zilitengenezwa zifanye kazi kutwa bila makelele, na draiva zake zimeshakomaa. Kasoro yake ni kwamba ubao na plagi za umeme mara nyingi ni za umbo la kampuni yenyewe, kwa hiyo siku ubao ukifa huwezi kuchukua wowote wa dukani. Kwa anayeanza, nasema ichukue. Hela inayobaki iingie kwenye rami, kwenye maiki, na kwa fundi wa umeme akuwekee waya wa ardhi, kwa sababu mvumo wa umeme hauondolewi na ubao wa bei yoyote.

Kabla hujalipa, omba mashine iwashwe na uiendeshe programu ya LatencyMon, ambayo ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Cheza wimbo huku ukisubiri dakika kumi. Itakutajia draiva inayoishikilia prosesa. Ikiwa ni ya Wi-Fi, utaizima wakati wa kurekodi na maisha yataendelea. Muuzaji akikataa kukupa dakika hizo kumi, usimpe hela.