Namba 384 na Mtu Mmoja: Mhadhara wa Umma Kuhusu Sampuli katika Saikolojia



Mwaka jana nilikuwa mtahini katika utetezi wa tasnifu moja ya uzamili. Mwanafunzi alichunguza kumbukumbu ya watoto wa darasa la tatu. Aliwagawa watoto 40 kwa kura katika makundi mawili, kila kundi likafundishwa kwa mbinu yake, kisha akampima kila mtoto mara sita. Ilikuwa kazi safi. Mtahini mwenzangu, mtu ninayemheshimu, alifunga tasnifu akauliza swali moja tu: “Mbona hawakufika 384?” Binti yule alikosa jibu, akaambiwa arudi uwandani. Usiku ule usingizi haukuja, na ndipo nilipoanza kuandika mhadhara huu.

Mniwie radhi nikipita haraka kwenye mambo mnayoyafahamu: wastani, mchepuko sanifu, thamani ya p, tofauti ya jaribio na uchunguzi wa maoni. Leo nataka tukae na 384, kwa sababu ndiyo namba inayotawala sura ya tatu ya tasnifu zetu, na sijaona mwanafunzi akiulizwa imetoka wapi.

Mwaka 1970 Robert Krejcie na Daryle Morgan walichapisha makala fupi katika jarida la Educational and Psychological Measurement. Walichukua kanuni iliyotolewa mwaka 1960 na kitengo cha utafiti cha National Education Association ya Marekani, wakaitengenezea jedwali ili mtafiti asihangaike kukokotoa. Kundi lako likiwa na watu 1,000, jedwali linasema chukua 278. Wakiwa 10,000, chukua 370. Wakiwa milioni moja, 384.

Sasa tuifungue kanuni yenyewe. Watu wanapokuwa wengi mno, vinabaki vitu vitatu. Cha kwanza ni 3.841, namba ya jedwali la kai-mraba kwa kiwango cha asilimia 95. Cha pili ni 0.5 mara 0.5, yaani tunachukulia kwamba nusu ya watu watajibu ndiyo na nusu hapana. Cha tatu ni mraba wa 0.05, lile kosa la asilimia 5 tunaloliridhia. Zidisha 3.841 kwa 0.25, gawanya kwa 0.0025: unapata 384.1. Ndugu zangu, 384 ni 3.841 mara 100. Ndani yake hamna mtoto wala kumbukumbu, na saikolojia haimo kabisa.

Kanuni hiyo hujibu swali moja, nalo ni swali la heshima: ni asilimia ngapi ya watu walio na jambo fulani? Tena hulijibu kwa sharti kwamba watu hao wamepatikana kwa kura, kila mmoja akiwa na nafasi sawa na mwenzake. Binti yule hakuuliza hivyo. Aliuliza kama mbinu moja inaishinda nyingine, na kwa kiasi gani. Swali hilo lina mwalimu wake, Jacob Cohen, aliyeonyesha mwaka 1962 kwamba tafiti nyingi alizozipitia katika jarida moja kubwa la saikolojia zilikuwa na nafasi kama ya kurusha sarafu ya kuigundua athari ya wastani. Kwa hesabu zake, ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti kubwa kati ya makundi mawili, unahitaji watu 26 kila kundi. Tofauti ya wastani inataka 64, na ndogo inataka 393. Kwa hiyo 384 inaweza kuwa nyingi kupita kiasi au isifike hata nusu ya wanaohitajika, kutegemea unachokitafuta. Na mtoto aliyepimwa mara sita hupunguza makosa ya upimaji, kiasi kwamba watoto 40 wa namna hiyo wana uzito mkubwa kuliko idadi yao.

Nami niliwahi kuitii namba hii. Nikiwa kijana nilikusanya data kuhusu uchovu wa kazi kwa walimu: shule 12, walimu 32 kila shule, jumla 384 kamili. Katika shule mojawapo dodoso zilijazwa mezani wakati wa chai, watu wakisomeana majibu. Hata pasipo kusomeana, walimu wa shule moja wana mkuu mmoja, ratiba moja na madarasa yaleyale yaliyojaa, kwa hiyo majibu yao yatafanana. Tuseme mfanano huo ni 0.1 tu. Chukua 32, toa 1, zidisha kwa 0.1, jumlisha 1: ni 4.1. Gawanya 384 kwa 4.1. Dodoso zangu 384 zilikuwa na taarifa za walimu kama 94, na hakuna mtahini aliyeniuliza.

Sasa mniruhusu nimtaje mtu ninayempenda kuliko wote katika historia ya taaluma yetu. Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 kitabu cha kumbukumbu ambacho mtafitiwa wake alikuwa mmoja: yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akazipanga katika orodha, akazikariri kwa mwendo usiobadilika mpaka azitamke bila kosa. Kisha alisubiri, akajifunza upya orodha ileile, akapima muda aliouokoa. Kipimo hicho ni akiba: hata unapodhani umesahau, kujifunza upya kunaonyesha kilichobaki. Baada ya dakika 20 akiba yake ilikuwa asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja 34, baada ya mwezi 21. Tazameni umbo lake: maporomoko makali mwanzoni, kisha mteremko wa taratibu. Mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros walilirudia jaribio hilo, tena kwa mtafitiwa mmoja aliyetumia saa 70 akikariri orodha. Mkunjo ulitoka karibu uleule, miaka 130 baadaye.

Najua pingamizi, na zina haki yake. Ebbinghaus alijua anachokitafuta. Mtu mmoja hawezi kutuambia wanawake wangapi wa Tabora wanaugua sonona; kwa swali hilo pigeni kura, chukueni 384 au zaidi, nami nitakuwa wa kwanza kusaini. Lakini panapohusika namna akili inavyofanya kazi, bado nashikilia: mpime mtu mmoja mara mia kabla hujawapima watu mia mara moja.

Binti yule alirudi uwandani akasambaza dodoso 384, na data za watoto wake 40 hazijachapishwa hadi leo. Watahini wenzangu, tasnifu za muhula huu zitakapofika mezani, nawaomba tuliache jedwali la 1970 kabatini mpaka mwanafunzi atueleze anauliza nini, watu wake aliwapataje, na kila mmoja alimpima mara ngapi.