Fedha za Likizo: Kwenda Kwetu na Kurudi Bila Deni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya fedha za likizo. Twashukuru kwa heshima hiyo, walakini yatupasa kukiri tangu mwanzo kwamba hatusemi kama mabingwa wa jambo hili. Twasema kama watu waliokwisha kuungua, na sasa wajua moto ulipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kila mwaka, na mshahara wake juu. Tena Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zampa mtumishi nauli ya likizo mara moja katika kila miaka miwili. Basi siku twapewa kila mwaka, bali nauli hutujia mwaka mmoja na kutupita mwaka wa pili. Wengi wetu twasahau hesabu hiyo ndogo, twasafiri mwaka wa pili kana kwamba ni ule wa kwanza.

Kwetu ni Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika huko mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Miaka michache iliyopita tulikwenda huko na watoto watatu, mwezi wa Desemba, bila kuandika lolote. Nauli haikutudhuru, kwa maana ilijulikana. Fedha zilianza kutoka kidogo kidogo njiani: kuku wa Saranda, asali ya Tabora, chumvi ya Uvinza. Tulipofika, kila aliyekuja kutuamkia aliondoka na kitu, maana tuliona haya kuonekana mikono mitupu, sisi tunaoitwa watu wa Serikali. Siku ya kumi na mbili tulihesabu, tukakuta nauli ya kurudi haipo.

Tulificha jambo hilo siku tatu. Mama aliziona nyuso zetu, asiulize neno. Akauza mbuzi wawili aliokuwa amewaweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yake, akatutia fedha mkononi, akasema, "Nendeni wanangu, kazi isije ikawapotea." Tukarudi Dar es Salaam, zawadi zetu zimesifiwa mtaa mzima, na nyumba ya mama yetu yavuja.

Ndugu zetu, tulilojifunza ni hili: fedha za likizo haziliwi na safari, huliwa na haya. Na haya haiondolewi na mshahara mkubwa, bali huondolewa na neno lililosemwa mapema.

Kabla ya safari iliyofuata tulikaa na mwenzetu wa nyumbani, miezi minne mbele, tukafungua daftari. Maana wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa nyumba iliyoweka akiba ya shilingi 900,000. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula cha njiani, 400,000. Zawadi, 150,000. Matumizi ya siku za huko, 150,000. Msiba au maradhi, 50,000. Akiba ya mwezi wa kurudi, 150,000. Kila mtu atabadili tarakimu hizi kwa kadiri ya mshahara na umbali wa kwao, lakini asilifute fungu hata moja. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Ada ziliondolewa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare na madaftari vyanunuliwa vilevile, na Januari haimngojei mtu.

Tiketi ya kurudi na inunuliwe kwanza kila iwezekanapo. Isipowezekana, fedha yake isikae mfukoni. Tangu mwaka 2008 twaweza kuweka na kutuma fedha kwa simu. Sisi nauli ya kurudi tuliiweka katika simu ya mwenzetu, na namba ya siri aliijua yeye peke yake. Hatukuona fedheha; tulikuwa twajijua.

Kisha tulipiga simu nyumbani mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Tukawaambia wazee waziwazi: safari hii tunakuja na vitenge kwa mama na shangazi, na shuka kwa baba mdogo, na sukari ya nyumba, zaidi ya hayo hatuna, ila mikono ya kufanya kazi shambani. Baba mdogo alinuna siku mbili tulipofika. Siku ya tatu alikuja kula pamoja nasi, na habari ikaisha.

Tena hatukwenda Desemba, wakati mabasi na treni hujaa. Tulikwenda Juni, ambapo shule hufungwa vilevile. Na kwa fedha zilizobaki katika fungu la matumizi tulirudi na dagaa na mawese, vikatulisha karibu mwezi mzima.

Kwa rehema ya Mungu, fungu la msiba na maradhi halikuguswa. Siku moja kabla ya kuondoka tulilitoa, tukanunua mabati mawili. Hayakutosha kuezeka nyumba ya mama. Yalitosha upande ule uliokuwa ukivuja juu ya kitanda chake.

Mabibi na mabwana, tumekwisha. Mwenye likizo karibu na aanze daftari lake jioni ya leo.