MANENO YA KATIBU WA TAWI KUHUSU INTANETI VIJIJINI NA VISIWANI

(Waliokosa kikao wameomba, nayatuma kama yalivyosemwa.)



Sisi wa Kashai mtandao ukikatika nusu saa tunalalamika. Lakini wengi wetu kwetu ni Muleba, na wengine wana ndugu Bumbire, Goziba na Kerebe. Huko hali ni nyingine.

Mkongo wa Taifa umepita mkoani kwetu hadi Mutukula, ukaungana na Uganda. Kupita siyo kufika. Kijiji kinahitaji mnara, na mnara unahitaji umeme na wateja. Mimi ni mtu wa mahesabu, siyalaumu sana makampuni: kisiwa cha wavuvi wanaohama kufuata dagaa hakirudishi gharama. Ndiyo maana sheria ya 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, utoe ruzuku pale biashara isipolipa. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini. Ni kazi kubwa, tuiseme.

Ila tusihesabu minara tu. Mnara wa 2G unakupa kupiga simu na kutuma pesa, fomu haifunguki. Na siku hizi kila kitu fomu, waitu! Ajira za serikali, mkopo wa chuo, zabuni za NeST, hata ile asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, zote zinaombwa kwenye mfumo. Kina mama wanaoanika dagaa kisiwani wana haki sawa na kikundi cha hapa Kashai, lakini wao wanaanza na nauli ya boti, wanalala mjini, wanamlipa kijana wa steshenari, na namba moja ya NIDA ikikosewa wanarudi tena. Gharama hiyo haipo kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Kwa hiyo, kila mwenye ndugu huko anitumie kwa namba hii kabla ya Ijumaa: jina la kijiji au kisiwa, mtandao unaoshika, na kama unafungua fomu au ni wa kupiga tu. Ukiandika "hakuna mtandao" basi, sipokei, maana tutajibiwa mnara upo. Orodha itapitia Kata hadi Wilaya, iwafikie wenzetu wa Muleba na madiwani wao.

Vijana wenye laptop, Jumamosi saa nne asubuhi tukutane ofisi ya tawi kusaidia vikundi kujaza maombi. Bando ni la mfuko wa tawi. Risiti nitaibandika ukutani.

Katibu wa Tawi,
Kashai