Picha Kabla ya Jua Kuzama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Mzungumzaji ni mtumishi wa serikali aliyemaliza kidato cha nne hapa shuleni mwaka 1998.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya kijana na kujitegemea. Nilimjibu kwamba mada hiyo ni pana mno kwangu, na kwamba mmekwisha kuisikia mara nyingi kutoka kwa watu wanaojua kusema kuliko mimi. Nikamwomba aniruhusu nizungumzie kazi moja tu ninayoijua kwa mikono yangu, nayo ni kupiga picha kwenye sherehe na kuziuza palepale uwanjani, kabla watu hawajatawanyika.

Najua baadhi yenu mtashangaa mtu wa mafaili ana habari gani na kamera. Biashara yenyewe inaendeshwa na mdogo wangu, na makao yake ni Kasulu mjini. Mimi nilitoa mtaji, na siku za Jumamosi ndiye mbeba jenereta wake. Siku za kazi sionekani huko, kwa kuwa saa za mwajiri ni za mwajiri.

Ndugu zangu, sikuingia katika kazi hii kwa kutafuta fedha. Niliingia kwa sababu ya deni, na ni vizuri nianze na habari hiyo.

Nilipomaliza mtihani hapa mwaka 1998, nilikaa miezi kadhaa nikingoja matokeo. Bwana mmoja mpiga picha pale Kasulu akanichukua niwe msaidizi wake. Wanafunzi wa leo hamkuiona kazi ya wakati ule. Filamu moja ilikuwa na picha 36. Huwezi kuona ulichopiga, na ukifungua kamera kwa bahati mbaya, mwanga unaingia na picha zote zimeungua. Mteja alitoa kianzio, akaandikwa jina katika daftari, akaambiwa angoje. Sisi tulipeleka filamu zetu Mwanza kwenda kusafishwa. Zilisafiri kwa basi, zikavuka ziwa kwa kivuko cha Busisi, zikakaa huko, halafu zikarudi kwa njia ileile. Leo pale Kigongo na Busisi pana daraja lililofunguliwa mwaka 2025, lakini wakati ule kivuko kikiharibika, picha za Kasulu nazo zililala ng'ambo.

Januari 1999 tulikwenda kwenye harusi katika kijiji kimoja nje ya Kibondo. Harusi ilikuwa kubwa. Kuelekea jioni akaja mzee mmoja amevaa koti jeusi na fimbo mkononi. Akasema hakuwahi kupigwa picha akiwa peke yake, na kwamba angependa watoto wake wawe nayo. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikampiga. Bei ilikuwa shilingi 500. Akatanguliza 300, tukaandikiana.

Filamu ile ilikuwa bado na nafasi kumi na kitu. Kwa hesabu za kazi yetu, filamu haiendi Mwanza mpaka iishe, na haiendi peke yake. Inangoja wenzake ili nauli igawanyike. Kwa hiyo ikakaa katika kamera. Mwezi wa pili ndipo ilipoondoka. Mwezi wa tatu mvua zikaharibu barabara. Nilifika Kibondo na bahasha yangu mwezi wa nne, na nikaambiwa mzee amezikwa wiki tatu zilizopita.

Mjane wake akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Mtoto wa kiume akaniambia kwamba siku ya msiba walitafuta picha ya baba nyumba nzima, wakakosa. Nilikuwa najiandaa kuondoka. Mama yule akafungua pindo la kitenge chake, akatoa shilingi 200, akanikabidhi. Ilikuwa salio. Nilizikataa, naye akazidi kunyoosha mkono, akisema tulikubaliana. Nikazipokea.

Ndugu zangu, hakuna aliyefanya kosa ambalo ungeweza kulipeleka kwa Mtendaji wa Kijiji. Bwana yule alifanya hesabu yake, nami nilifuata nilivyoelekezwa. Lakini kwa karibu miezi mitatu tulikuwa na fedha ya mtu na uso wake ndani ya kisanduku, tukingoja picha kumi nyingine. Ndiyo maana mwaka 2019, mdogo wangu alipokuja kuniomba mtaji, nilimpa kwa sharti moja: mteja aondoke uwanjani na picha yake mkononi.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyokwenda.

Jambo la kwanza ni mahali. Miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni kule Mombasa, wapiga picha wa barabarani walisimamisha studio za muda na kuzipamba kwa michoro na mapazia. Mjini kulikuwa na studio za zamani zenye majina, lakini hawa walisimama mahali ambapo watu wanapita. Kwetu huku hakuna kivuko chenye umati wa kila siku. Umati wetu unakuja kwa majira: mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne, kipaimara, na harusi baada ya mavuno na mwezi wa Desemba. Kwa hiyo mfanyabiashara wa kazi hii huanza na kalenda. Nendeni mkaonane na Mkuu wa Shule au kamati ya harusi mwezi mmoja kabla. Asubuhi ya sherehe mtakuwa mmechelewa.

Jambo la pili ni mgawanyo wa kazi. Mtu mmoja hawezi. Tunakwenda watatu: mmoja anapiga, mmoja anakaa na printa, mmoja anapokea wateja na fedha. Kila mteja anapewa tiketi yenye namba. Mpiga picha anaipiga tiketi kwanza, kisha anampiga mwenyewe. Kwa njia hiyo, hata wakiwapo wahitimu mia mbili waliovaa sare moja, huwezi kumpa huyu picha ya yule.

Jambo la tatu ni hesabu, na hapa vijana nawaomba mchukue kalamu. Tuseme karatasi na utepe wa rangi kwa picha moja ni shilingi 700, nawe unauza 2,000. Nauli, mafuta na chakula cha siku ni 40,000. Wapo wanaochapa picha 100 kwa kubahatisha, wakazitandaza kwenye mkeka, wakangoja wenye nyuso waje kununua. Wakinunua 45, umepata 90,000, lakini umetumia 70,000 za kuchapa na 40,000 za safari. Umerudi nyumbani na hasara ya 20,000, na mfuko umejaa nyuso za watu usiowajua. Wateja walewale 45 wakichagua kwanza na kulipa, ndipo ukachapa, matumizi ya kuchapa ni 31,500. Ongeza 3,500 za picha tano zilizoharibika. Unabakiwa na 15,000, na hapo bado hujajilipa jasho lako. Mnaona basi kwamba faida ni nyembamba, na kwamba inaliwa na picha zisizonunuliwa.

Jambo la nne ni mashine. Printa tunayotumia haina wino wa maji. Ina utepe wenye rangi unaopashwa moto. Karatasi hupita mara nne: rangi ya njano, ya waridi iliyokolea, ya buluu, na mwisho ganda jembamba linaloizuia picha isidhurike kwa maji na alama za vidole. Uzuri wake ni kwamba utepe na karatasi huuzwa pamoja kwa idadi ileile, kwa hiyo gharama ya kila picha unaijua kabla hujatoka nyumbani. Ubaya wake ni vumbi. Vumbi letu jekundu la Buha likikaa kwenye utepe, linaacha alama nyeupe usoni mwa bibi harusi. Wekeni printa ndani ya chumba au turubai, upande upepo unakotoka, na mashine iwe imefunikwa kanga safi. Wazuieni na watoto. Katika mashine yetu karatasi inapita mbele na kurudi, na mtoto akiiona inachungulia, anaivuta.

Umeme nao una mambo yake. Printa kubwa ya aina hii, inapopasha moto, inavuta nguvu nyingi kwa ghafla. Tulijaribu kutumia betri ya gari na kibadilishi kidogo, kikazima katikati ya picha ya Mgeni Rasmi. Tangu siku hiyo tunatembea na jenereta hata mahali penye umeme, na tunaiweka mbali ili isigombane na kipaza sauti.

Jambo la tano ni heshima ya mtu. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria, mtu mzima alipaswa kujua kwamba uso wa mtu ni wake. Hatumpigi asiyetaka. Mtoto, tunamwuliza mzazi. Wala haturushi picha ya mteja mitandaoni ili kujitangazia biashara, mpaka yeye akubali. Akiomba picha yake ifutwe, inafutwa akiwa anaona.

Juu ya mtaji nitasema kwa ufupi. Mkiwa kikundi, ulizeni katika halmashauri zenu habari za mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, kisha ikarejeshwa. Msikope, hata hivyo, kabla hamjafanya kazi msimu mmoja chini ya mtu mwingine. Kamera inajifunzwa kwa mwezi mmoja, lakini kuijua tabia ya umati wenye njaa saa tisa mchana kunachukua muda.

Najua kuna swali linalowasumbua hapo mlipokaa. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Nani atanunua picha ya karatasi? Ni swali la haki. Hata Kodak, iliyokuwa jina la picha duniani kote, iliomba ulinzi wa mahakama mwaka 2012 kwa kulemewa na madeni, ingawa mhandisi wake, Steven Sasson, ndiye aliyetengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali mwaka 1975. Sikatai kwamba simu imetupunguzia wateja. Vijana wenye simu nzuri hawaji kwetu, isipokuwa wanapotaka kuchapa walichopiga wao, nasi tunawachapia.

Wanaokuja ni wengine. Anakuja baba aliyetembea kutoka kijijini kumwona binti yake akipewa cheti, na simu yake ni ya tochi. Anakuja bibi anayetaka kitu cha kuweka ukutani. Anakuja na yule ambaye simu yake ilitumbukia mtoni na picha zote za mtoto wake. Nilipokuwa msaidizi, wilaya zetu hizi mbili zilikuwa na makambi ya wakimbizi: Nyarugusu na Mtabila upande wa Kasulu, Kanembwa na mengine upande wa Kibondo. Niliwaona watu waliovuka mpaka bila godoro wala sufuria, lakini katika mfuko wa nailoni wamefunga picha mbili tatu za ndugu zao. Mfuko ule haukuhitaji chaji.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Namalizia.

Septemba iliyopita tulikuwa kwenye mahafali Kibondo. Akaja mzee mmoja na mjukuu wake. Akasimama, mdogo wangu akampiga tiketi, kisha akampiga yeye. Mimi nilikuwa kwenye printa siku ile. Karatasi ikapita mara ya kwanza, mzee akatokea wa njano. Mara ya pili akaanza kuonekana. Mara ya nne akatoka kamili. Akaishika kwa ncha za vidole, akaniuliza kama iko tayari au inabidi arudi wiki ijayo.

Nikamwambia, "Iko tayari, mzee. Nenda nayo nyumbani."

Vijana, sikuja kuwaambieni nyote muwe wapiga picha. Wengine mtakuwa mafundi, wauguzi, wakulima, au watu wa mafaili kama mimi. Mimi mwenyewe ofisini, jalada la mtu likikaa mezani kwangu likingoja mengine kumi ili yaende pamoja, namkumbuka yule mama wa Kibondo akifungua pindo la kitenge. Hapo naliondoa siku hiyohiyo.

Jenereta iko nyuma ya bwalo, na printa iko katika darasa la mwisho. Wanachama wanaotaka picha ya leo wachukue tiketi sasa, kabla ya chakula. Wanafunzi wa kidato cha nne hawatalipa.