Mnyapara Aliyemo Ndani ya Simu



Zamani mnyapara alionekana, amesimama shambani na daftari mkononi. Leo kijana wa bodaboda hupokea amri kutoka katika simu. Simu humpangia abiria, humkadiria nauli, na akikataa safari mara nyingi, humfungia. Lakini apatapo ajali, huambiwa kwamba yeye si mwajiriwa, ni mshirika tu.

Jina lisitupumbaze. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri walikuwa wafanyakazi, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Mahakama ilitazama hali halisi ya kazi yao, si maneno ya mkataba peke yake.

Tanzania Bara nayo ina kipimo cha namna hiyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, mtu anayefanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, au anayemtegemea kwa riziki yake, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Basi sisi viongozi wa jumuiya tuwahimize vijana wetu watunze kumbukumbu za safari, malipo na adhabu zao. Anayeachishwa kazi isivyo haki asikawie, kwani malalamiko yake yapasa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Haki ya mnyonge hupotea upesi pale asipokuwa na ushahidi.